Massey Ferguson 135 iliyolala muda mrefu: tuivute au tuifungue?

MkulimaKilosa
Wakuu, nina MF 135, injini Perkins AD3.152 ya silinda 3. Haijawashwa misimu kadhaa. Krenki haizunguki, dizeli ya zamani bado imo tangini na bomba la eksozi lilikuwa wazi. Jirani anashauri tuivute kwa trekta yake ili tuishtue. Ni sawa?

FundiPampu
Usivute, mkuu. Eksozi ikiachwa wazi, mvua inaingia kwenye silinda ambayo valvu yake imesimama wazi, na ringi zinashikwa na kutu. Ukiivuta unavunja ringi. Kama bado kuna maji juu ya pistoni, koneksheni rodi inapinda, maana maji hayabanwi kama hewa.

Toa nozeli (vinyunyizio vya dizeli) zote 3. Hakikisha washa ya shaba ya kila moja imetoka nayo: ikibaki shimoni ukaongeza mpya juu yake, nozeli haikai sawa na kompresheni inavuja. Changanya dizeli na ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) nusu kwa nusu, mimina vijiko kadhaa kila silinda, acha siku mbili tatu ukiongeza. Wakati inalowa, fungua kava ya tapeti. Rocka (mkono unaosukuma valvu) iliyolegea kupita kiasi ina maana valvu imeganda. Ilegeze kabla ya kuzungusha, la sivyo pushrodi (fimbo inayosukuma rocka) itapinda.

Kisha tia spana kwenye nati ya puli ya krenki, usukume mbele na nyuma kidogo kidogo. Usiunganishe bomba refu kwenye spana. Ikigoma kabisa, fungua silinda hedi. Ikizunguka, seti mwanya wa tapeti 0.30 mm injini ikiwa baridi.

MkulimaKilosa
Shukrani sana. Dizeli mpya naweza kuijaza juu ya ile ya zamani?

Dizeli_Safi
Hapana ndugu. Mwaga yote, osha tangi, weka filta mpya. Pampu ya CAV DPA, ile inayopeleka dizeli kwenye nozeli, inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo maji yakipita yanaiua. Gundi ya dizeli iliyooza nayo hugandisha valvu ya kupimia mafuta. Ikiganda imefunga, nozeli hazipati kitu. Ikiganda wazi, injini inapaa mzunguko na kuzima kwa swichi hakupo. Ndiyo maana siku ya kuwasha ufungue bomba la hewa, mtu asimame na ubao bapa tayari kuziba manifoldi ya kuingizia hewa. Asizibe kwa kiganja.

Kutoa hewa: anza kwenye filta, kisha skrubu mbili za pampu, mwisho nati za nozeli huku stata ikizungusha na mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Kile kiwiko cha mkono cha pampu ndogo (inayovuta dizeli toka tangini) kikiwa hakina nguvu, zungusha krenki mzunguko mmoja, kamu itaondoka juu yake.

FundiPampu
Naongeza: oili mpya ya injini, karibu lita 7, ila fuata alama ya kijiti. Kabla ya kuwasha, vuta kizimio (kitasa cha kuzimia injini) uzungushe stata hadi geji ya oili ipande. Ikishawaka, angalia kijiti tena: oili ikipanda na kunuka dizeli, diaframu ya pampu ndogo imepasuka, zima mara moja. Moshi mweupe usioisha, legeza nati za bomba za nozeli moja moja. Ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki, silinda hiyo ndiyo haichomi.