Maelezo ya zana kwa ajenti: tuyapime kwa kuyasoma, kwa modeli nyingine, au kwa kazi yenyewe?

fundi_himbi (Goma)
Bandugu, salamu. Tunatengeneza ajenti, yaani programu inayoendeshwa na modeli ya akili bandia, wa kuwasaidia wauzaji wa tiketi za boti, Goma–Bukavu. Zana zake, yaani kazi anazoweza kuziita kama kutafuta safari, zinapita kwenye MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024. Ajenti haoni msimbo ulio nyuma ya zana. Anaona jina, maelezo na muundo wa JSON Schema (namna ya kuorodhesha sehemu za kujazwa na aina zake) unaosema zana inapokea nini, basi. Maelezo yakiwa mabaya, zana nzuri inakuwa kama haipo.

Naona njia tatu za kuyapima: tuyasome wenyewe tukiwa na orodha ya ukaguzi; tuipe modeli nyingine itoe alama; au tumpe ajenti maombi ya wateja tuone anachagua zana gani na anajaza nini. Nyinyi mnategemea ipi? Mfano ninao huu:

`tafuta_safari`: “Hutafuta safari. Hupokea tarehe na kiasi.”

mama_kadutu (Bukavu)
Ndugu yangu, hapo hata modeli haihitajiki. Kiasi cha nini? Idadi ya abiria au bei ya juu? Na kama ni bei, ni franka au dola? Huku kwetu mtu akisema “nitafutie ya chini ya ishirini” kila muuzaji anajua ni dola, lakini ajenti atajuaje? Weka sehemu ya `sarafu`, iwe lazima kujazwa, na ikubali CDF au USD tu.

Tarehe nayo. Sisi tunaandika 04/08 kwa maana ya tarehe nne Agosti. Mmarekani anasoma Aprili 8. Sema wazi iandikwe mwaka-mwezi-siku, 2025-08-04. Tena taja ni saa za wapi, maana Goma na Bukavu tuko UTC+2 na Kinshasa wako UTC+1. Seva ikihesabu kwa saa za Kinshasa, itadhani bado kuna saa moja, na abiria atafika bandarini boti imekwenda.

Mimi nasimama na orodha ya ukaguzi. Haina gharama, na inakamata mambo ambayo mwenyeji anayajua bila kuyasema.

kamalondo_data (Lubumbashi)
Mama amesema kweli, ila orodha inakamata yale uliyokwisha kuyafikiria tu. Kuhusu modeli ya kutoa alama, muwe waangalifu: modeli zikiwa waamuzi zina mwelekeo wa kupendelea maandishi marefu. Utajaza maneno, alama zitapanda, na ajenti atabaki palepale.

Ninavyoitumia mimi ni hivi: naipa maelezo peke yake, halafu naiuliza zana hii inafanya nini, haifanyi nini, na itarudisha nini. Pale inapokisia, pana tundu. Alama sizitazami kabisa.

katindo_api (Goma)
Njia ya tatu ndiyo inayotoa uamuzi. Andika maombi jinsi wateja wanavyoyasema kweli, ukiweka pembeni kwa kila moja zana inayotakiwa na thamani zinazotakiwa. Usisahau maombi ambayo hayahitaji zana yoyote (“boti zinaruhusu mbuzi?”), wala yale yanayokaa katikati ya zana mbili. Ukiwa na `tafuta_safari` na `angalia_tiketi`, mkanganyiko mwingi utatokea hapo, na dawa yake ni sentensi moja kwenye maelezo ya `tafuta_safari`: “Usitumie hii kwa mteja aliyekwisha lipa.”

Badilisha maelezo tu, modeli na maombi yabaki yaleyale. Rudia kila ombi mara kadhaa kwa sababu majibu hayafanani. Sehemu ya maombi ifiche, usiiguse wakati wa kurekebisha, la sivyo utakuwa unaandika maelezo ya kufaulu mtihani wako mwenyewe.

mama_kadutu (Bukavu)
Nakubali, lakini kwa `nunua_tiketi` tengeneza seva ya mazoezi kwanza! Hiyo inagusa pesa za watu kwenye simu. MCP toleo la Machi 2025 lina alama ya `readOnlyHint`, ya kusema zana inasoma tu. Ni dokezo, haizuii kitu, kwa hiyo uthibitisho wa mteja ubaki kwenye programu yenu.

fundi_himbi (Goma)
Aksanti sana wote. Tutaanza na orodha ya mama, kisha maombi ya katindo. Nimeandika upya:

“Hutafuta safari za boti kati ya Goma na Bukavu zenye nafasi. Tarehe: mwaka-mwezi-siku, saa za Goma (UTC+2). `bei_ya_juu`: kwa abiria mmoja, pamoja na `sarafu` (CDF au USD). Haihifadhi nafasi. Usitumie kwa mteja aliyekwisha lipa.”

kamalondo_data (Lubumbashi)
Hii inasimama. Bado haisemi siku isiyo na nafasi inarudisha nini: orodha tupu au kosa? Ikiwa ni kosa, ajenti atarudia ombi lilelile bure. Na ujumbe wa kosa ni maelezo pia, uandike kwa uangalifu uleule: “Tarehe si sahihi” haumsaidii, “Andika tarehe hivi: 2025-08-04” unamrudisha njiani.