Wabongo wa Minnesota, acheni kushikiana kambi Boundary Waters. Hema tupu si mtu!

Wakuu, heshima kwenu. Nimerudi Jumatatu, nimekaa kimya siku tatu nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa. Walengwa wanajijua.

Jumamosi niliingia Boundary Waters, ile hifadhi ya maziwa na misitu kaskazini mwa Minnesota, na mke wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka 12, mwingine 9. Mitumbwi miwili ya kukodi, tukaanzia Lake One. Kwa ambao hawajafika, kule hakuna barabara. Unapiga kasia mpaka ziwa liishe, unateremka, unajitwika mtumbwi kichwani, unakatiza msitu hadi ziwa linalofuata, kisha unarudi kufuata mabegi. Kabla ya Lake Two unabeba hivyo mara mbili, kama mita 150 kisha 200 hivi. Ni fupi kwenye ramani, ila mbu wa pale hawasomi ramani.

Nakiri tulichelewa. Wazoefu husema saa nane mchana uwe umeshapata pa kulala, sisi tumeingia Lake Three saa kumi na moja. Kambi ya kwanza, yaani sehemu iliyotengwa ya kupiga hema, ina watu. Ya pili ina watu, wakatupungia mkono, tukapita. Ya tatu nikaona hema moja limefungwa zipu, halina hata kigingi, upepo unalichezea. Kwenye jiwe amekaa kijana wa kofia nyekundu, bongo fleva inalia. Nikafurahi, kumbe ndugu!

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mko wangapi hapa?"

"Niko mwenyewe mzee, ila pamechukuliwa. Wenzangu wanaingia kesho."

Nikamwonyesha ng'ambo, kuna hema lingine la rangi ileile. "Na pale?"

"Pale napo petu. Na kule kwenye kona. Tuko kama 14."

Kambi tatu, mtu mmoja! Wanangu wamejikunyata mtumbwini, wingu jeusi linapanda, na huyu ananiita mzee kwa adabu zote huku akininyima pa kulala. Miguuni pake chupa za bia zimepangwa kama dukani. Chupa na makopo ni marufuku kule tangu 1971, lakini hilo tuliache, tusije tukamaliza usiku hapa.

Sasa someni vibali vyenu. Kibali kinasema unaingilia wapi na siku gani, basi. Hakuna mahali kimeandika utalala kambi ipi. Ile ada ya mtu mzima ni ya kuingia, hukununua jiwe wala jiko la chuma la pale kambini. Kambi ni ya aliyewahi kufika, yeye na kundi lake aliloingia nalo. Anayeingia kesho, leo hana haki hata ya kivuli cha mti. Na kundi mwisho ni watu 9 na mitumbwi 4, popote pale. Mkiwa 14 mnagawanyika, na mkishagawanyika hamruhusiwi kukutana jioni mle wali pamoja. Kama mnataka sherehe ya watu 14, ziko kambi za kufika na gari tele nje ya hifadhi, nendeni huko na spika zenu.

Najua kuna atakayekuja na hoja ya ndoo: mbona uswahilini ndoo inashika foleni bombani? Inashika, ndiyo, kwa sababu mwenyewe yuko pale kibarazani anasukwa nywele, na foleni ikisogea anaisogeza. Hakuna aliyewahi kuweka ndoo leo kwa ajili ya shangazi anayekuja kesho kutoka Morogoro. Mnachofanya ninyi ni kile cha Mbagala, kurusha mkoba dirishani kwenye daladala. Na hata kule, anayerusha huwa anapanda gari lilelile.

Tukaendelea hadi Lake Four. Radi zinapiga, mke wangu hasemi neno, na waliooa wanaelewa ukimya ule. Saa mbili usiku, bahati jua la Julai linachelewa kuzama, tukapata kambi moja kwenye eneo lililoungua na moto wa Pagami Creek wa 2011. Mizizi na mawe matupu. Tumefunga turubai mvua ikitunyeshea, mdogo akalala bila kula.

Kofia nyekundu, ukisoma hapa: lile hema lenu la kwenye kona lilipaa na upepo usiku ule. Jumatatu tukirudi tulilikuta linaelea katikati ya ziwa. Mimi ningeliacha, mke wangu ndiye alisema tulivute. Tumelifunga kwenye mti pale kwenye njia ya kubebea mitumbwi, upande wa Lake Two. Kalichukueni.