Mjadala: Pwani ya Kusini ijengwe kituo cha kurushia roketi?

Mtoa mada (Mtwara):
Wadau, salaam. Sisi wa Kusini tunaopenda mambo ya anga tumekuwa tukivutana juu ya hoja moja: pwani ya Lindi na Mtwara iko karibu na ikweta na inatazama bahari upande wa mashariki, basi serikali itafute mwekezaji ajenge kituo cha kurushia roketi. Ni hoja iliyoanzia kwenye fizikia, kwa hiyo inastahili kujibiwa kwa fizikia. Mimi naipinga.

Kwanza nikubali kilicho kweli. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki. Kwenye ikweta ardhi inakwenda karibu kilomita 1,670 kwa saa. Mtwara, nyuzi 10 kusini, ni kama 1,645. Roketi inayoelekea mashariki huanza safari na kasi hiyo mkononi bila kuchoma tone la mafuta. Cape Canaveral, Florida, wanapata kama 1,470. Ndiyo maana Ulaya wanarushia Kourou, Guyana ya Ufaransa, nyuzi 5 tu kutoka ikweta.

Sasa tupige hesabu. Satelaiti ya obiti ya chini, yaani njia ya kuizunguka dunia kwa karibu, inahitaji karibu kilomita 28,000 kwa saa. Tunachowazidi Florida ni 175 tu. Faida inakua kwa satelaiti za mawasiliano zinazokaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, kwa kuwa roketi hailazimiki kupinda sana njia yake. Lakini satelaiti ndogo za kupiga picha, ambazo ndizo nchi zetu zinaanza nazo, hupita karibu na ncha za dunia, kaskazini na kusini. Huko msukumo wa mashariki hausaidii kitu. Tazameni Taifa-1 ya Kenya: nchi imekatwa na ikweta, na bado satelaiti yake ilirushwa kutoka California, Aprili 2023.

Hata hivyo si fizikia inayonifanya nikatae. Ni Malindi.

Wengi hawajui kwamba Afrika Mashariki imesharusha satelaiti. Waitaliano waliweka majukwaa baharini karibu na Malindi, Kenya, na kati ya 1967 na 1988 satelaiti tisa zilipaa kutoka hapo. Moja ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei (miale kama ile ya picha za hospitali) kutoka angani. Orodha yake ilifika vyanzo 339 vya miale hiyo, na vipimo vyake vya kimojawapo, Cygnus X-1, viliwasaidia wanasayansi kuamini kwamba mashimo meusi, yenye mvuto ambao hata mwanga hauponyoki, yapo kweli. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Jina la Kiswahili, bahari ya Kiswahili, siku ya uhuru wa jirani zetu. Chombo kilikuwa cha Wamarekani, roketi ya Wamarekani, warushaji Waitaliano, na takwimu zikaenda Marekani. Sisi tulitoa mahali. Nikisoma habari za Uhuru nafurahi kama mpenzi wa anga na naumia kama mtu wa pwani hii.

Na Kusini tunaujua wimbo huo. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, hapa Lindi, ilichimbwa na mababu zetu kati ya 1909 na 1913, ikabebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo yule mjusi mkubwa mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu amesimama Berlin.   Mahali pazuri peke yake hapajawahi kumpa mtu elimu.

Mchangiaji (Masasi):
Kaka, unatukatisha tamaa. Mradi mkubwa huja na barabara, umeme na ajira. Na vijana wakiona roketi ikipaa kwa macho yao, watasoma hesabu bila kuchapwa.

Mchangiaji (Msimbati):
Wanangu, mimi ni mvuvi. Roketi ikirushwa bahari inafungwa. Itafungwa siku ngapi, na nani atatulipa? Tayari tuna hifadhi ya bahari na visima vya gesi.

Mchangiaji (Lindi):
Hivi kwenye hadithi za kubuni si kuna ile lifti ya angani, kamba kutoka ardhini hadi kwenye satelaiti? Hiyo ingetufaa zaidi.

Mtoa mada:
Ndugu wa Lindi, lifti hiyo kituo chake cha chini kinatakiwa kiwe ikwetani au jirani kabisa, na mpaka sasa hakuna aliyetengeneza kamba ndefu kiasi hicho inayoweza kujibeba yenyewe.

Shikamoo mzee wangu wa Msimbati. Swali lako ndilo zito kuliko yote hapa. Tena njia ya mashariki si tupu kama wengi wanavyodhani: kuna Komoro, kuna Aldabra na Farquhar za Ushelisheli. Vipande vya roketi lazima viangukie mahali.

Kaka wa Masasi, hamu ya vijana naijua, mimi mwenyewe ninayo. Lakini mwaka 2013 Mtwara ilichafuka kwa sababu ya bomba la gesi, na ahadi ya ajira ilikuwepo vilevile. Mimi nataka pesa iende kwa wasomaji wa takwimu za satelaiti ambazo tayari ziko angani. Picha za Sentinel-2, satelaiti za Ulaya, kila nukta yake ni kipande cha ardhi cha mita 10 kwa 10, na hazilipiwi. Rada ya wenzake, Sentinel-1, huona kupitia mawingu, hata usiku. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, barabara ya Dar ilikatika Somanga tukabaki upande huu. Tuwe na vijana wetu hapa wanaoweza kusoma mafuriko kwenye rada siku hiyohiyo, na wengine pale kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, wakifuatilia afya ya mikorosho wilaya kwa wilaya. Hilo linahitaji kompyuta, intaneti nzuri na walimu.

Anayetetea kituo cha roketi anijibu hili: takwimu za satelaiti zitakazopaa hapa zitasomewa wapi, na na nani? Mkataba ukiandika Mtwara au Lindi, na majina ya vijana wetu yakiwemo, nitabadili msimamo wangu hapahapa. Karibuni.