Naomba ushauri: linki ya wayalesi inapima vizuri asubuhi, jioni inakufa

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hii kitu inaninyima usingizi. Nimefunga modemu mbili za wayalesi za 5.8 GHz, moja juu ya paa la duka nyingine nyumbani kwa mama, umbali kama kilomita 1.2, ili kamera za dukani zionekane nyumbani. Nikipima kwa ping ya kawaida (kutuma ujumbe mdogo na kuona unarudi baada ya muda gani) majibu yanarudi ms 2 au 3 hakuna kinachopotea, nikadhani kazi imeisha. Ila nikiongeza ukubwa wa paketi (vifurushi vya data) mpaka baiti 1400 zinaanza kudondoka, na iperf3 (programu ya kupima kasi ya linki) asubuhi inanipa 42 Mbps, ikifika saa moja jioni 5 au 6 tu.

Kitu kinachonichanganya zaidi ni kwamba kutuma kutoka nyumbani kwenda dukani iko poa, nikigeuza kwa -R ya iperf3, yaani kutoka dukani kuja nyumbani, ndo inakuwa taabu. Signo (nguvu ya mawimbi yanayopokelewa) inasoma -71 dBm pande zote na haibadiliki. Vipimo vyote nafanya kwa kebo, sio waifai ya laptopu.

Katikati kuna mwembe, antena ya pili naiona lakini mstari unapita juu ya matawi kwa mita moja hivi tu, na nimesoma kwa umbali huu njia ya mawimbi inataka nafasi wazi karibu mita 4 hapo kati. Sasa ni mwembe au ni waifai za majirani zinaingilia jioni? Nibadili chaneli kwanza au niongeze mlingoti? Bomba la mlingoti ni hela, jamani, nisije nikanunua bure.