Mustang ya 1966 kwenye autokrosi: nianze na springi, shokapu au nini?

Kona66: Habari wakuu. Niko Marekani, nina Mustang ya 1966, V8 ya inchi za ujazo 289, chini kila kitu cha kiwandani. Nataka kuiingiza autokrosi, zile mbio za kuzunguka koni dhidi ya saa. Nikikata kona gari linalala na pua inasukuma kwenda nje. Bajeti dola 1,500. Ninunue koilova (springi na shokapu zilizounganishwa kuwa kitu kimoja) za mbele?

AmuYaJuu: Mkuu, acha koilova kwanza. Kasoro ya Mustang za 1965 na 1966 ni mahali amu ya juu, yaani mkono wa juu unaoshika gurudumu la mbele, ilipofungwa. Bodi ikilala, tairi la nje linainamia nje na kukanyagia bega. Dawa yake iliwazwa na Klaus Arning, mhandisi wa Ford, na Shelby GT350 za 1965, yaani Mustang za mbio, zilitoka nayo: unatoboa matundu mapya ya amu ya juu, inchi 1 chini na inchi 1/8 nyuma ya yale ya zamani, kwa biti ya inchi 17/32. Tafuta kiolezo cha chuma, usipime kwa macho.

Springi ya gari hilo inakaa juu ya hiyo amu, ndani ya mnara (nguzo ya bati iliyo kila upande wa injini). Ibane kwa kibano cha ndani kabla ya kulegeza nati yoyote, maana ikifyatuka inaua. Wala usishushe matundu zaidi ya inchi 1, kwa sababu boljointi ya juu (kiungo cha mpira cha mwisho wa amu) itakwama gurudumu linaponing'inia.

Ukimaliza, peleka alaimenti: kemba (mwinamo wa tairi ndani au nje) hasi digrii 1 hadi 1.5, kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani mbele au nyuma) chanya digrii 3, tou (matairi kuelekeana kwa mbele) ndani inchi 1/8. Gari lako linarekebishwa kwa shimu, vibati vyembamba vya kujazia, za amu ya juu. Ukizipunguza, tairi linainamia ndani. Mafundi wengi watataka kukupa vipimo vya kiwandani. Kataa.

DifuZima: Naongezea. Springi za mbele za paundi 620 kwa inchi, stabilaiza (fimbo ya kuzuia bodi kulala) ya mbele ya inchi 1, shokapu nzuri nne. Nyuma weka springi za mabamba manne na nusu. Funga pia bresi ya kuunganisha minara na ukuta wa injini, la sivyo minara inavutana na alaimenti inapotea.

Kona66: Asanteni sana. Stabilaiza ya nyuma je? Na bushi niweke za poliurethani (plastiki ngumu kuliko raba) kote?

DifuZima: Ya nyuma usiweke sasa. Difu lako likiwa la kawaida, lisilo na kufuli, tairi la ndani litazunguka bure kila ukitoka kona ukikanyaga mafuta.

AmuYaJuu: Bushi ngumu weka kwenye stabilaiza tu. Kwenye jicho la mbele la springi za nyuma bakiza raba: springi ile lazima ijipinde bodi ikilala, na poliurethani huizuia, mkia unachomoka ghafla.

Halafu matairi, ambayo ningeyanunua hata kabla ya springi: 225/50R15 ya daraja la uchakavu la 200 kwenye rimu ya 15x7. Anza na upepo wa psi 34 mbele, 32 nyuma. Paka chaki begani mwa tairi kabla ya kuondoka. Chaki ikifutika kupita alama ya pembetatu iliyo ubavuni, ongeza psi 2. Isipofika kwenye alama, punguza 2. Badilisha kitu kimoja kila mzunguko, vinginevyo hutajua kipi kimesaidia.