Nimevaa laifu jaketi, nikapigiwa vigelegele. Wallahi Mombasa tuna shida!

MshipiMrefu:
Ndio kwanza naingia nyumbani. Chumvi iko mwilini, chai inapoa, mke wangu auliza samaki wako wapi, namwambia ngoja kwanza, nina mtu wa kumsema.

Yule nahodha mwamjua. Jina silitaji, sina haja. Mwenye boti la faiba, maandishi ya ubavuni yamefutika nusu. Mwenye sauti akisimama ufuoni Mama Ngina, watu wa Likoni ng'ambo wanaitikia. Yule ambaye kila upepo ukigeuka, yeye alishausema jana. Haya, mshamjua.

Jana usiku twatoka kwenda kutupa mshipi nje ya mwamba. Kusi inavuma, na kusi ya mwezi huu mwaijua haina adabu. Nikamwambia kwa heshima zote, "Nahodha, naomba laifu jaketi." Akaniuliza, "La nini?" Nikamwambia la kuvaa. La kuvaa, jamani! Kwani lina kazi gani nyingine? Akanitazama mpaka injini ikataka kuzima yenyewe. Kisha akainua tako moja, akalichomoa pale alipokuwa amelikalia, akanirushia.

Nililipokea likiwa la moto.

Hebu niwaeleze hilo jaketi. Zamani lilikuwa rangi ya machungwa. Limekaliwa mpaka limekuwa bapa kama chapati ya juzi. Magamba ya samaki yamegandia begani, klipu moja imevunjika na mahali pake pamefungwa kipande cha mshipi. Pale penye filimbi pamebaki kamba tupu. Nikauliza filimbi iko wapi, baharia mmoja akaniambia anayo mwanawe nyumbani, alikuwa akilia. Harufu ni ya ngisi wa chambo waliokufa kabla ya Uhuru.

Nikavaa, nikanyamaza. Usiku kucha naambiwa nisogee nisiwazibie mwezi. Nikavumilia. Hayo yote nasamehe.

Sasa asubuhi. Twaingia dikoni, watu wamejaa: wachuuzi, mama karanga, wale wakaanga samaki, na beseni zao, watoto wa shule wamesimama kutazama. Nahodha anazima injini, anapanda omoni, anapaza ile sauti yake: "Jamani eee! Mshusheni bi harusi polepole, asilowe!"

Na mama karanga wakapiga vigelegele.

Vigelegele, ndugu zangu. Mimi! Nina ndevu! Mmoja kanishika mkono kunishusha, "Taratibu mwali, taratibu." Mwingine kanipangusa uso kwa leso yake. Mtoto wa shule kauliza bwana harusi yuko wapi, nahodha kajipiga kifua.

Sijaja hapa kujadili usalama. Anayetaka hotuba amtafute mbunge wake. Nauliza kitu kimoja tu: vile vigelegele vilikuwa vya nini?

Kasia_Moja:
Pole sana kaka. Mahari ilikuwa ngapi?

BintiTudor:
Nami nauliza kama shela lilikuwepo au ni jaketi tu 😂😂😂

Kasia_Moja:
Na fungate ni wapi? Maana nahodha yule kwake paa linavuja.

MshipiMrefu:
Nilijua. Wallahi nilijua mtakuja hivi. Mtu analalamika amedhalilishwa mbele ya halaiki, nyinyi mwauliza mahari. Endeleeni.

MzeeBamvua:
Wanangu, salaam. Mimi nimekua ndani ya ngalawa, baba yangu alikuwa mvuvi, na babu yangu vilevile. Hayo majaketi hatukuyajua. Tulijua nyota, tulijua maji, na tulijua kuogelea. Jaketi lenyewe jua likichomoza ni joto tupu, ukivuta mshipi zile kamba zake zanasa, ukirusha ndoana yaingia kwenye kitambaa. Vijana wa sasa mwaogopa maji na mwataka kula samaki changu. Kwa hayo machache, vigelegele mimi naviunga mkono.

FundiFaiba:
Mzee wangu shikamoo. Kuogelea kote huko, foromali, lile boriti la tanga, likugeukie likupige kisogoni uanguke majini umezirai, utaogelea na nini? Usiku, kusi, boti inakwenda, mpaka waligeuze wewe ushapotea. Na ukiwa ndani ya maji ndio uanze kutafuta mkono wa jaketi uko wapi, mawimbi yanakupiga usoni? Halivaliki hivyo, mzee. Huvaliwa nchi kavu.

Halafu MshipiMrefu, mimi nacheka lakini nakwambia ukweli: lile ulilopewa lisingekusaidia sana. Ndani mna sponji lenye vijishimo vya hewa, hiyo hewa ndiyo inayokuelekeza juu. Nahodha mwenye uzito ule akilikalia msimu mzima, vile vijishimo vinaminyika na hewa inatoka. Umevaa mto, ndugu yangu. Jaketi la sawasawa la mtu mzima huandikwa ndani nguvu yake ya kuelea. Likiwa nyutoni 50, si kilo, ni la mtu anayejua kuogelea na yuko karibu na watu. 100 maji yaliyotulia. 150 ndilo la nje ya mwamba, tena linajitahidi kukugeuza uso uwe juu. La kwako liliandikwa nini?

MshipiMrefu:
Liliandikwa kwa kalamu "USIIBE".

BintiTudor:
😂😂😂😂 nimemwaga uji

MzeeBamvua:
Marahaba FundiFaiba. Sisi foromali lilikuwa likitujua.

PwaniNiKwetu:
Mzee, kwa heshima. Feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994 ikaondoka na watu zaidi ya 200, haikuwa bahari kuu. Ilikuwa hapa hapa kivukoni, nchi kavu unaiona. Na waliokuwemo wengi ni watu wa pwani.

MzeeBamvua:
Hilo nakubali. Hilo nilikuwepo mjini. Hilo tusilifanyie mzaha.

MshipiMrefu:
Ahsanteni kwa elimu, lakini mmeshaanza kupotea. Hapakuwa na haja ya vigelegele. Hata ingekuwa ni kweli nimevaa mto, mtu hapigiwi vigelegele kwa kuvaa mto. Yule wa leso alinipangusa mpaka nyuma ya masikio!

Kasia_Moja:
Si ungepiga simu Walinzi wa Pwani? Walizinduliwa papa hapa Liwatoni 2018. Waje na ile meli yao kubwa wakamate vigelegele.

MtuWaBara:
Wasee wa Coast nyinyi mko na bahati, angalau jaketi ilikaliwa na mtu mmoja. Mimi nimeshuka Mombasa wiki jana, nikapanda boda pale Bamburi Mtambo. Nikaitisha helmeti. Jamaa akaitoa kwa usukani, ndani imelowa. Si maji. Ni jasho ya watu wa kaunti nzima na mafuta ya nywele ya mwanamke fulani. Nimefika Nyali nanukia nazi na strober—

MtuWaBara:
*stroberi. Simu imeanguka. Mke wangu ameninusa kichwa mara mbili, sasa nalala sebuleni. Uzi wako ni kitu kidogo sana buda.

BintiTudor:
Ngoja ngoja ngoja. Tuanze na hiyo stroberi.

ShemejiWaNyali:
Mimi boda wangu helmeti anayo, nzuri kabisa, lakini anaivaa kwenye kiwiko. Nikamuuliza, akanijibu kiwiko kiliwahi kuvunjika, kichwa bado.

PwaniNiKwetu:
Huyo na nahodha ni mtu na nduguye.

MtuWaBara:
Hamnisaidii. Nitaeleza nini nyumbani?

MamaKaranga_Halisi:
Assalaam aleikum. Nimeonyeshwa huu uzi na binti yangu. MshipiMrefu baba, nilikuwepo, na vigelegele vya kwanza ni vyangu mimi. Tena nitavipiga tena kesho ukija. Sasa nikwambie sababu kwa vile umeuliza. Sisi twakaa pale tangu alfajiri, makaa tumenunua, mafuta tumenunua, twangoja samaki wa kukaanga. Boti laingia, twaona mtu kafura kifuani, twasema alhamdulillahi leo kuna nguru. Kumbe ni wewe. Boti zima changu wa kuhesabika na tewa mmoja wa kiganja, na huyo tewa kashachukuliwa na tajiri wa hoteli kwa simu. Nifanye nini? Nikapiga vigelegele. Nilikuwa na hasira.

Na wa leso ni dada yangu. Anasema uso wako ulikuwa na damu ya ngisi.

MshipiMrefu:
Mama, shikamoo. Hiyo haikuwa damu, ulikuwa ni wino. Ulitoka kwenye jaketi.

MamaKaranga_Halisi:
Marahaba. Na mkimwona huyo nahodha wenu mwambieni pesa yangu ya samaki aliyokula na wageni wake siku ya Idi bado naingoja. Alisema "kesho inshallah".

Kasia_Moja:
Subiri mama. Nawe pia wamdai?

FundiFaiba:
Mimi namdai ukarabati wa ubavu mzima wa boti. Yale maandishi yaliyofutika nusu ni kazi yangu, niliacha kupaka rangi siku alipoacha kulipa.

ShemejiWaNyali:
😳 Kumbe ni huyo? Si ndiye aliyeazima jenereta yangu ya harusi?

MzeeBamvua:
Mimi alinichukulia nanga. Nanga ya babu yangu. Alisema ni ya siku mbili.

Kasia_Moja:
Nanga, jenereta, ubavu, samaki. Huyu anajenga nchi yake.

BintiTudor:
Tufungue kikundi cha wanaomdai. Nani atakuwa mweka hazina?

ShemejiWaNyali:
Mzee Bamvua awe mwenyekiti. Jenereta ilikuwa ya bluu, kwa anayeiona.

MzeeBamvua:
Uenyekiti naukubali, nanga irudi kwanza.

MshipiMrefu:
Jamani mimi bado niko hapa. Uzi ni wangu.

FundiFaiba:
Tuko nawe bi harusi.

MtuWaBara:
Kuna mtu anauza helmeti mpya? Saizi ya kichwa kikubwa.

PwaniNiKwetu:
Helmeti sina. Nina laifu jaketi moja, safi, halijakaliwa na mtu, filimbi ipo na inalia. Bei tutaelewana.

MshipiMrefu:
Hilo nalitaka mimi! Nakuja jioni. Ni la uzito gani?

PwaniNiKwetu:
La mtoto, kilo 30 mwisho. Wewe una ngapi?

Kasia_Moja:
Nahodha alikalia la kwake likaingia. Jaribu.

ShemejiWaNyali:
Ya bluu, ina mkwaruzo pembeni. Tafadhali.