Tupeane uzoefu: mhusika gani wa riwaya za njozi aliharibiwa na madaraka ukiwa bado unampenda?

Wadau, madaraka hulevya, hilo tunalijua. Nataka tuongelee lile funda la kwanza, pale msomaji bado yuko upande wa mhusika. Naanza na Boromir, shujaa katika The Lord of the Rings ya Tolkien. Aliitaka Pete, ile yenye nguvu za kutawala, ili aokoe watu wake, na nilimwelewa kabisa mpaka alipotaka kumpora Frodo aliyekuwa ameibeba. Nikarudi nyuma kutafuta alipobadilika, sikupaona. Hoja zake ni zile zile tangu mwanzo, kilichoisha ni subira. Alipokufa akiwatetea wenzake wa safari, Merry na Pippin, niliumia sana. Nyie je?

Binti Riwaya: Mkuu, mimi ni Frodo mwenyewe. Safari yote ile aende kuiangamiza Pete, anafika kwenye moto anasema ni yake! Mara ya kwanza nilikasirika. Sasa naona Tolkien alisema kweli: nia safi ilimchelewesha tu, haikumkinga. Na Sam, mwandani wa Frodo, mnamkumbuka? Pete haikumwahidi dhahabu, ilimwonyesha jangwa likigeuka bustani kwa amri yake. Ilijua anachopenda. Hapo niliogopa, maana nilijiuliza mimi ningeonyeshwa nini.

Kalamu Kavu: Naandika riwaya yenye mganga anayeweza kumwondolea mtu maumivu, ila lazima ayahamishie kwa mwingine. Anaanza na wauaji waliofungwa. Nani atamlaumu? Kisha wezi. Kisha wazee, kwa kuwa "wameshaishi vya kutosha". Kadiri ninavyoandika naona sina haja ya kumbadilisha moyo. Huruma yake kwa wagonjwa ni ile ile, kinachorefuka ni orodha ya wanaostahili kuumia. Niliowapa rasimu wengi walimtetea hadi kwa wezi. Mmoja alimtetea hata kwa wazee, tukabishana usiku kucha.

Mjukuu wa Hadithi: Tusisahau Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Nchi inayoelea hewani, inatuma wajumbe pande sita, wanarudi na maarifa ya kuijenga, wanaishia kifungoni. Karama, mhusika mkuu, naye anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria. Hapo hakuna pete wala fimbo ya ajabu. Kuna watu wenye vyeo wanaoogopa jambo jipya. Njozi nyingi humtwika mfalme mmoja lawama zote, na mimi hilo halinishawishi. Mtawala haharibiki peke yake, kuna wanaomzunguka na kunufaika.

Mwanzisha mada: Umenigusa, Mjukuu. Ndiyo maana nampenda Galadriel, bibi mtawala katika The Lord of the Rings: Frodo anampa Pete bure na anaikataa, kwa sababu alishajiona atakavyokuwa akiivaa. Kalamu, huyo mganga wako ana mtu wa kumwambia "basi"?

Kalamu Kavu: Yupo dada yake. Sijaamua kama atasikilizwa. Akisikilizwa, kuna mtoto mgonjwa aliye kitandani atakayebaki na maumivu yake, na nataka msomaji akae naye pale amsikie akilia. Kukataa nguvu kusikokuwa na gharama ndiko kunakoniudhi katika vitabu vingi.

Binti Riwaya: Basi andika hivyo hivyo. Na mtoto usimponye kwa muujiza sura inayofuata, tafadhali.